Duka na Daftari Lake: Biashara ya Bariadi Tangu Kaniki Hata Simu ya Mkononi

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Walimu, hakikisheni kwamba wale walioketi nyuma wanasikia. Wenye karatasi hii waiweke mbele yao, maana leo tutataja miaka mingi, na yafaa tarakimu mzione kwa macho huku mkizisikia kwa masikio. Somo likiisha mtalisoma tena polepole.

Leo hatutazungumza habari za watemi wala za vita. Tutazungumza habari za duka. Nisemapo duka sina maana ya lile la mjini Dar es Salaam lenye milango ya vioo. Nina maana ya duka la kwenu: chumba kimoja, meza ya mbao mbele, rafu zenye sabuni, chumvi, viberiti, majani ya chai, viatu vichache vilivyotundikwa kwa kamba, kanga mbili tatu, na nyuma ya meza mtu ajuaye jina lako na jina la baba yako. Na chini ya meza ile, daftari.

Wenye maduka ninaokutana nao katika kazi yangu ya kuzunguka, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, wana lalamiko moja. Wanasema wateja wa viatu na nguo wamepungua. Kijana anatazama viatu katika simu yake, anazungumza na muuzaji aliyeko Kariakoo, anatuma fedha kwa simu hiyo hiyo, na baada ya siku mbili kifurushi chake kinashushwa kutoka katika basi hapa stendi ya Bariadi. Hakupita katika duka lolote la mjini kwetu. Wengine wanaona ajabu na kusema kwamba jambo hili halijapata kutokea. Lakini historia yatuonyesha kwamba duka la nchi hii limekwisha kusukumwa kando zaidi ya mara moja. Basi na tuanze mwanzo.

Neno lenyewe, duka, lilitoka ng'ambo. Waarabu husema dukkan, na Wahindi nao wana neno kama hilo. Hapo kale Wasukuma hawakuwa na maduka, lakini walikuwa na biashara. Walisafiri kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuchukua chumvi, safari ya siku nyingi yenye hatari ya kiu na simba, na njiani waliimba. Majembe ya chuma yalitoka kwa wafua chuma Warongo, upande wa Geita. Jembe lilikuwa chombo cha kulimia, na pia lilikuwa mahari. Kwa hiyo mtu aliyetaka kitu alikifuata mwenyewe, au alibadilishana na aliyekifuata.

Nguo ndizo zilizoleta mabadiliko. Misafara kutoka pwani ilileta kaniki, kitambaa cheusi, na marekani, kitambaa cheupe. Labda mmejiuliza kwa nini kitambaa kiliitwa kwa jina la nchi. Sababu ni kwamba kilifumwa huko Marekani kwa pamba ya huko, kikaletwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wao. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani mwaka 1833. Basi bibi zetu walivaa pamba iliyolimwa na kufumwa ng'ambo ya bahari kuu, nasi leo tunalima pamba na bado nguo nyingi tunazovaa zinatoka mbali. Nataja jambo hili ili msidhani kwamba duka lilipata wakati wowote kuuza vitu vya hapa hapa. Tangu siku ya kwanza mali ilitoka mbali. Kilichokuwa cha hapa ni mtu aliyeileta na uaminifu wake.

Uaminifu huo ulikuwa na jina: mali kauli. Tajiri wa Unguja au Bagamoyo alimpa mwenye msafara nguo, shanga na nyaya za shaba bila kulipwa papo hapo. Alimpa kwa kauli tu, yaani kwa ahadi ya mdomo, naye alipe akirudi. Huko Bagamoyo alikuwako tajiri mmoja Mhindi, Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, ambaye misafara mingi ilipata mali na wapagazi kwake. Kijana aliyefanya kazi kwake, Allidina Visram, baadaye alifungua maduka mengi kuelekea Uganda. Alikuwa akiwapa wenye maduka madogo mali kauli nao wakaenda mbele zaidi, mpaka mahali ambapo hapakuwa na barabara. Mwaka 1901 gari la moshi kutoka Mombasa lilifika Kisumu, na kutoka pale meli zilivuka ziwa hadi Mwanza. Mwaka 1928 gari la moshi lilifika Mwanza kutoka Tabora. Ndipo maduka ya Wahindi na Waarabu yalipoenea katika Usukuma, hasa mahali pa viwanda vya kuchambua pamba na pa kununulia pamba.

Sasa, ndugu zangu, tusimame kidogo juu ya pamba, kwa maana bila pamba hamtaelewa duka la Simiyu.

Mkulima wa pamba ana kalenda yake, nanyi mnaijua kuliko mimi. Anapanda Novemba na Desemba. Anapalilia Januari na Februari. Anavuna kuanzia Mei, na fedha anaishika katikati ya mwaka msimu unapofunguliwa. Kwa miezi michache ana fedha: ananunua bati, ng'ombe, baiskeli, anaoza mtoto. Halafu fedha inakwisha, na mvua zinaanza tena, na kazi ya shamba ni nyingi kuliko wakati wowote, na nyumbani pamebaki michembe na mahindi kidogo. Je, katika mwezi wa Februari chumvi inanunuliwa kwa nini? Sabuni inanunuliwa kwa nini? Mtoto akiugua usiku, dawa na nauli zinatoka wapi?

Zilitoka katika daftari. Mwenye duka aliandika: sabuni kipande kimoja, chumvi kibaba kimoja, mafuta ya taa chupa moja. Mkulima alirudi nyumbani na vitu vyake, na mwezi wa Juni alileta fedha. Kwa hiyo duka la nchi ya pamba lilifanya kazi mbili. Moja ilionekana katika rafu, nayo ni kuuza. Nyingine ilikaa chini ya meza, nayo ni kumvusha mkulima kutoka mvua hadi mavuno. Watu wengi waandikapo historia ya maduka hutazama rafu. Mimi naona daftari ndilo lililokuwa duka lenyewe.

Msifikiri kwamba namsifu mwenye duka. Daftari liliwaumiza wengi. Mtu asiyejua kusoma aliandikiwa sabuni mbili alipochukua moja, akaweka dole gumba. Bei ya mkopo ilikuwa kubwa kuliko bei ya fedha taslimu. Tena mara nyingi mtu yule yule aliyekukopesha ndiye aliyenunua pamba yako, au alikuwa ndugu ya mnunuzi, kwa hiyo alishika kalamu kwa mkono mmoja na mizani kwa mkono mwingine. Nanyi mliomo darasani sasa mnajua maana ya kutoweza kusoma kile kilichoandikwa juu yako. Nadhani wako kati yenu ambao baba zao walilipa deni moja mara mbili.

Na mizani ndiyo iliyoleta shauri kubwa. Mnamo mwaka 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia pamba, ili mtu apime mzigo wake kabla ya kuupeleka kwa mnunuzi. Kijana mmoja, Paul Bomani, aliyekuwa mtumishi wa chama cha ushirika cha wenye maduka Waafrika wa Mwanza, alizunguka nchini kueleza habari za ushirika. Mwaka 1952 ulizaliwa umoja wa wakulima, na mwaka 1955 ukaundwa ushirika mkuu wa Victoria Federation, ambao katika miaka michache ulikuwa na sifa katika Afrika nzima. Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Basi mizani ilitoka katika mkono wa mfanyabiashara, ikaja katika mkono wa wakulima.

Angalieni vizuri: ushirika ulichukua mizani. Haukuchukua daftari. Mkulima aliuza pamba yake kwa chama, akarudi na fedha yake mpaka kwa mwenye duka, akalipa deni la Februari.

Na je, Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake? Alikuwa na mlima wa kupanda. Serikali ya Waingereza ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Sheria hiyo ilisema kwamba asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hawezi kumdai mahakamani, isipokuwa mkopo ule umeandikwa na kukubaliwa na serikali. Walisema inamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Labda ilimlinda mkulima kidogo, lakini mwenye duka Mwafrika ilimfunga, kwa sababu tajiri wa jumla alisita kumpa mali kauli. Mhindi mwenye duka alipata mali kwa kauli ya mjomba wake, naye Mwafrika alitakiwa fedha taslimu. Ndiyo maana wenye maduka wa Mwanza waliunda ushirika wao, wanunue pamoja. Watu husema Mwafrika hakujua biashara. Hawasemi kwamba alinyimwa kauli.

Tulipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwaka ule ule makampuni makubwa ya kuingiza mali na kuuza kwa jumla yakawa ya umma, chini ya Shirika la Biashara la Taifa lililojulikana kama STC. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Wahindi wengi wakaondoka nchini. Mwaka 1973 STC ikagawanywa, kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara. Sisi tulikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, kwa sababu Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Ulizaliwa mwaka 2012.

Sasa tumefika mwaka 1976, na hapa naomba walimu waandike tarakimu hizo ubaoni.

Katika miaka iliyotangulia watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji. Wazee mnakumbuka, wengine mlibebwa katika malori mkiwa watoto. Vijiji vilipokwisha kupangwa, serikali chini ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa ilianzisha Operesheni Maduka. Shabaha yake ilikuwa kuyafunga maduka ya watu binafsi vijijini, na mahali pake kuweka duka la kijiji, mali ya wanakijiji wote. Fikira yenyewe haikuwa ya ubaya. Walitaka kukomesha unyonyaji wa yule mwenye daftari niliyemtaja. Mwezi wa Mei mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, ikasemwa kwamba kijiji kitafanya kazi hiyo.

Ikawaje? Mlango mmoja hufungwa kwa siku moja, lakini duka halifunguliwi kwa siku moja. Duka la kijiji lilihitaji mtu ajuaye hesabu, lori la kufuata mali, ghala, na fedha ya kuanzia. Vijiji vingi havikuwa navyo. Mahali pengine duka binafsi lilifungwa Jumatatu, na la kijiji lilikuwa bado ni mazungumzo ya mkutano. Haukupita muda mrefu serikali yenyewe ikapunguza mwendo, kwa kuona kwamba watu wamekosa pa kununulia. Tena mtumishi wa duka la kijiji hakuwa na ruhusa ya kukopesha mali ya umma kama apendavyo, na ni haki asiwe nayo. Daftari likakoma. Aliyekuwa na fedha mwezi wa Februari alinunua, kama mali ilikuwapo. Asiye na fedha alirudi nyumbani.

Halafu mambo yakazidi kuwa magumu. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita vikaendelea hata 1979. Baada ya vita tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ule ulifungwa kwa muda mrefu kuliko hapo. Sabuni ikawa kitu cha foleni. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Sukari iligawiwa kwa orodha. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, na wenye mali waliogopa hata wengine wakaitupa usiku, wapate usalama. Mwaka 1984 serikali ililegeza, ikaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Rafu zikajaa tena, na maduka ya watu binafsi yakarudi. Na mengi sasa yalikuwa ya Wasukuma wenyewe, wanaume kwa wanawake.

Nalo daftari likarudi chini ya meza. Hakuna aliyeliamuru lirudi.

Sasa tuje katika siku zetu. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini Tanzania, zikafuata nyingine za kampuni nyingine. Mwanzoni simu ilimfaa sana mwenye duka. Alipata kazi ya uwakala, watu wakaja kutoa na kuweka fedha, na aliyetoa fedha hakutoka bila kununua kitu. Mji wa Bariadi ulipofanywa makao makuu ya mkoa, watumishi wakaja, nyumba za wageni zikajengwa, lami ikafika kutoka Lamadi, na mabasi ya Dar es Salaam yakazidi. Mwenye duka alifurahia lami. Hakujua kwamba lami hiyo ndiyo itakayomletea mshindani wake.

Watu husema tunashindwa na maduka makubwa ya mtandaoni ya dunia. Sivyo ilivyokuwa kwetu. Kampuni ya Jumia, iliyokuwa na duka kubwa la mtandaoni katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga kazi yake Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Anayemshinda mwenye duka wa Bariadi ni mchuuzi wa Kariakoo mwenye simu, kondakta wa basi, na kijana wa bodaboda. Naona yafaa tulijue jambo hili, kwa sababu mtu akimwogopa adui asiyekuwapo hamwoni yule aliye mlangoni.

Tufanye hesabu. Chukueni penseli. Hesabu hii ni ya mfano tu. Viatu dukani Bariadi ni shilingi 28,000. Viatu hivyo kwa muuzaji wa Kariakoo ni 20,000. Nauli ya kifurushi 3,000. Ada ya kutuma fedha 1,000. Jumlisheni: 24,000. Mnunuzi ameokoa shilingi 4,000, naye hana kosa lolote, maana shilingi 4,000 ni fedha. Sasa mtazameni mwenye duka. Katika viatu vile, baada ya kulipa mzigo, pango, leseni na kodi, angebaki na faida ya labda shilingi 4,000. Katika pakiti ya chumvi anabaki na shilingi 100. Kwa hiyo jozi moja ya viatu ilikuwa sawa na pakiti 40 za chumvi. Faida ya viatu ndiyo iliyompa nguvu ya kuandika chumvi katika daftari na kungoja mpaka Juni. Viatu vikienda Kariakoo, yeye amebaki na chumvi, na chumvi inanunuliwa kwa deni. Hatafunga mlango leo. Ataandika ukutani: Mkopo Hakuna.

Jambo hili limetokea kwa wengine kabla yetu, nalo lilianza bila simu. Huko Marekani, zaidi ya miaka 120 iliyopita, kampuni ya Sears ilipeleka kwa wakulima kitabu kikubwa chenye picha za bidhaa na bei zake. Mkulima alichagua, akatuma fedha kwa posta, akaletewa mzigo. Tarehe 1 Januari 1913 posta ya nchi hiyo ilipoanza kuchukua vifurushi vikubwa, wenye maduka wa vijijini walikuwa wamekwisha kupiga kelele sana kuipinga. Wengine walikusanya vile vitabu vya Sears wakavichoma moto hadharani. Lalamiko lao lilikuwa lile lile la Bariadi: wakulima wanapeleka fedha taslimu mbali, na kwetu wanakuja kukopa. Moto haukusaidia kitu. Na Sears yenyewe ilikomesha kitabu chake kikubwa mwaka 1993, na mwaka 2018 ikatangaza kufilisika, kwa kushindwa na maduka mengine, ya mtandaoni yakiwamo.

Nirudi nyumbani. Mwaka 2019 bei ya pamba iliyowekwa ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini bei ya dunia ilikuwa imeshuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wa mkoa huu walikaa miezi wakingoja fedha ya pamba waliyokwisha kuitoa mashambani. Wengi wenu mnaikumbuka. Je, katika miezi ile mlikula kwa nani? Mjibu wenyewe darasani. Kila ninapouliza swali hilo vijijini, jina linalotajwa mara nyingi ni la mwenye duka.

Mtu atasema: simu nayo inakopesha. Ni kweli. Tangu mwaka 2014 kuna M-Pawa, na baadaye zikaja huduma nyingine. Mtu anabonyeza, anapata fedha mara moja, na hakuna anayemtazama usoni. Hilo ni jema, hasa kwa mwanamke asiyetaka shida yake ijulikane mtaani. Lakini mkopo wa simu una siku zake, na ada yake. Unatakiwa kulipa baada ya majuma machache, wala haungojei pamba ifunguke. Tena unapewa kwa kadiri ya ulivyoitumia simu yako. Bibi mwenye simu ndogo anayoitumia kupokea tu, atapewa kiasi gani? Mwenye duka hakuuliza habari za simu. Alijua shamba lako lina ekari ngapi na kama mmepalilia.

Mimi nami ni mnunuzi wa simu, sitaki kuwaficha. Viatu nilivyovaa nimesoma somo hili ndani yake vilikuja kwa basi. Mara nyingine nilituma fedha kwa ajili ya koti, likaja la mtoto, na nilipopiga namba ile haikupokewa tena. Kwa mwenye duka ningerudi kesho yake asubuhi na kulibwaga mezani.

Siwaambii msinunue kwa simu, kwa sababu kumwambia mtu alipe 28,000 kwa kitu cha 24,000 ni kumpa mzigo wa mwingine. Lakini fikirini tofauti ya mwaka 1976 na sasa. Mwaka ule duka lilifungwa kwa amri, watu wakaona, wakalalamika, na amri ikalegezwa. Safari hii hakuna amri. Kila mmoja wetu anachukua jozi moja ya viatu, na hakuna mkutano wa kijiji utakaoitishwa kuzungumza jambo hilo, maana hakuna aliyefanya kosa. Nani atamvusha mkulima wa Itilima kutoka Januari hadi Mei? Vikundi vya kuweka na kukopa, vile vya VICOBA, vinafanya sehemu ya kazi hiyo, na nimeona akina mama wa Maswa wakiviendesha kwa hesabu safi. Lakini kikundi kinakutana mara moja kwa juma, na chumvi inakwisha siku yoyote.

Wako wenye maduka waliotafuta njia. Mama mmoja hapa Bariadi aliacha kununua viatu vya kuweka rafuni. Mteja anakuja, wanatazama pamoja picha katika simu ya mama, mteja anachagua, mama anaagiza Kariakoo pamoja na maagizo ya wengine kumi, na mzigo unakuja kwa nauli moja. Yeye anachukua shilingi 1,500 juu ya kila jozi. Viatu vikiwa vidogo anavirudisha yeye, kwa sababu anamjua muuzaji na muuzaji anamjua. Wengi wa wateja wake ni wazee wasio na simu za picha, na watu wasiojua kusoma maandishi ya simu. Na bado ana daftari. Alinionyesha: kurasa za Februari zilijaa, za Julai zilikuwa na mistari ya kufuta.

Nilimuuliza kama wadeni wake wanasoma anachokiandika. Akasema wengi hawasomi, wanamwamini tu. Hapo nikakumbuka madarasa yenu.

Basi somo lijalo litakuwa juu ya daftari la deni. Walimu, kama yuko mwenye duka anayekubali, aje nalo darasani, akiyafunika majina ya watu. Tutajifunza kusoma safu nne: tarehe, kitu, bei, na baki. Na kila mwanafunzi mwenye simu alete ujumbe mmoja wa mkopo au wa kununua kitu, tuutafute ndani yake mstari wa ada na siku ya mwisho ya kulipa. Wale wenye wazazi walio hai, waulizeni jioni hii duka gani lilifungwa kijijini kwenu mwaka 1976, na lilikuwa la nani. Muandike majibu wenyewe, kwa mkono wenu. Kwaherini.